Miji Niliyoigawa Ndani ya Shomari

Ninalala, na ninalala mahali ambapo leo si pangu. Leo ni zamu ya Zaituni, mke mwenzangu. Tuna zamu ya siku mbili mbili, mbili kwake, mbili kwangu, kama mume wetu alivyotupangia tangu alipomwoa, na hata maradhi haya ya figo hayakuibadilisha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikataa ibadilishwe. Lakini Zaituni ameenda sokoni, jua liko utosini, na Shomari asubuhi ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu, amelala chali kwa uchovu, kifua wazi. Napita mlangoni mara ya kwanza, namtazama tu. Mara ya pili naingia. Mara ya tatu napanda kitandani, kitanda cha Zaituni, shuka la Zaituni, naweka sikio langu juu ya kifua cha mume wangu, maana kifua hiki nilikijua mimi kikiwa bado hakina unywele hata mmoja. Nataka kusikia kama humo ndani kuna jina langu. Moyo unadunda, mbavu zinapanda na kushuka chini ya shavu langu, zinapanda, zinashuka, na safari moja zikishuka hazipandi tena, zinaachana katikati kama fito za ua, nami naingia.

Naingia na habari yangu mdomoni. Nimekaa nayo tangu Jumamosi, walipopiga simu kutoka hospitali kubwa, ile ya mbali wanakopandikiza figo. Namba waliyo nayo ni yangu, mimi ndiye bi mkubwa, mimi ndiye niliyejaza fomu. Nesi akaniambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba vipimo vyangu na vya Zaituni vimetoka. Damu yangu na damu ya Shomari hazipatani. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto wanne, halafu binti nisiyemjua ananiambia kwenye simu kwamba damu zetu hazipatani. Ya Zaituni imekubali. Zaituni afike na mgonjwa Jumatano asubuhi, wasipofika nafasi anapewa mwingine na wao watasubiri miezi, kisha nesi akashusha sauti akasema, Mama, huyu mgonjwa wenu miezi hana. Nikasema, nitawaambia. Leo ni Jumatatu na sijawaambia. Nilikwisha kutangaza, ndugu zangu. Nilisema arusini kwa jirani, mbele ya wanawake wote, kwamba figo atapewa na mimi, na kwamba tangu siku hiyo nitakuwa ndani ya Shomari zamu au si zamu, Zaituni akimkumbatia atakuwa ananikumbatia na mimi. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sasa ni yeye atakayekuwa ndani, na mimi ndiye nitakayemkumbatia. Siwezi. Nikilifikiria neno hilo habari inashuka tena tumboni.

Humu ndani kuna barabara. Ni pana, ina upepo, na upepo unakwenda mbele pamoja nami kisha unarudi kunipiga usoni, unakwenda, unarudi. Barabara inagawanyika mbili, kila moja inagawanyika tena mbili, na kila moja tena, na nikishika ya kulia najikuta nimeshika na ya kushoto, mpaka barabara zinakuwa vichochoro na vichochoro vinaishia kwenye vijumba vya mviringo, maelfu kwa maelfu, kuta zake nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nyuma ya kuta damu inapita. Inakuja imechoka, rangi imeiva kuelekea weusi, inapita ukutani pasipo mlango, inaacha uchafu wake kwenye upepo, inachukua hewa, inaondoka nyekundu. Kwenye kichochoro cha mwisho amesimama mtu mweupe toka juu mpaka chini, na mahali pa uso hana kitu, pako laini kama kisigino cha mtoto.

Wewe ni wa humu, ananiuliza. Namwambia mimi ni Nyamizi, mke wake wa kwanza. Anasema, sikukuuliza ndoa. Ananipitishia kiganja usoni, polepole, kama kipofu, kisha anasema, wa nje. Roho inaniuma, sifichi. Namuuliza, na Zaituni je? Anasema, huyo naye wa nje. Hapo roho inapoa kidogo. Namuuliza mbona hana uso, ananijibu kwamba kazi yake ni kuzunguka na damu akisoma nyuso za wengine, nani wa humu, nani si wa humu, na asiye wa humu akimkuta amekaa mahali anamla. Namuuliza, mbona mimi hujanila? Anasema, bado unapita. Ukikaa tutaonana. Ndipo nagundua kwamba wako wengi, nyuma yake na nyuma yangu, weupe wasio na nyuso, na wote wananisikiliza. Vijumba vya chini vimejaa maji, nayo hewa haifiki huko. Namuuliza maji haya ni ya nani. Anasema, mwenye nyumba anapimiwa kikombe, na kuna mtu anamletea kikombe cha pili kwa siri. Ni mimi. Siku za zamu yangu nikimwona midomo imekauka namletea, namwambia usimwambie Zaituni, naye anacheka na mimi kama zamani, na kwa kicheko kile ningemletea hata ndoo.

Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega, nasema, mdomo umezoea. Anasema, mgeni wangu haishi kuja wala haishi kuondoka, akikaa namfukuza, akikawia namlilia. Sihitaji hata kufikiri. Nasema, huyo ni mume mwenye wake wawili. Weupe wote wanatikisa vichwa vyao visivyo na macho. Sivyo, anasema, nipe mji. Nacheka, maana ndivyo tulivyocheza utotoni, ukishindwa kitendawili unampa mwenzako mji wowote, Kigoma, Mwanza, wowote, mji haukugharimu kitu, kisha anakupa jibu. Nakupa Sikonge, namwambia. Anasema, Sikonge siijui, nipe wa humu. Nasema, wa humu sijauona hata mmoja. Basi twende ukachague, anasema, na jibu langu ni pumzi. Naona aibu kidogo, upepo wenyewe ulikuwa unanipiga usoni tangu nimeingia.

Tunakwenda, na sijui tunashuka au tunapanda, maana barabara inajikunja chini ya miguu yetu, na mji tunaouendea unatufuata nyuma mpaka unatupita na kutungoja mbele. Ni mji wa tumbo. Mji wote unajikamua kama mtu anayefua blanketi, unajibana, unajiachia, na kutani yanachuruzika maji makali ambayo yangetoboa kanga yangu, lakini mji umejipaka ute wake wenyewe na hauungui. Wafanyakazi wamesimama mpaka magotini ndani ya chakula cha mchana. Nakitambua. Ni mchicha wa Zaituni, uliochemshwa mara mbili na maji yakamwagwa, kama hospitali walivyoagiza, na wali bila chumvi. Kazi nyepesi leo, mmoja anamwambia mwenzake, leo ni jiko la mke mdogo. Mwenzake anasema, afadhali, lile jiko lingine linatuletea chumvi, mgonjwa anavimba miguu, lawama tunapata sisi. Wanakisukuma chakula kuelekea utumbo, ule mrefu uliojikunja na kujikunja, wenye kuta za manyoya mafupi yanayonyonya kila chenye faida na kukipeleka kwa ini kukaguliwa, na njia nzima nasikia wanapokezana sifa, jiko la mke mdogo, jiko la mke mdogo. Wivu unanipanda mpaka masikioni. Mimi naweka chumvi kwa sababu ananiomba. Ananiomba mimi, hamwombi yeye, kwa nini hilo halisemwi humu? Namgeukia asiye na uso, namwambia, mji wenyewe ni huu, nimekupa. Anauliza, una hakika? Nasema, chukua. Anainua mkono na mji wa tumbo unasimama. Kuta zinaacha kujikamua, wafanyakazi wanakaa chini pale pale ndani ya mchicha, taa zinazimika kichochoro baada ya kichochoro. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nafurahi.

Barabara ya kutoka hapo ina wakimbiaji. Wanapita kasi, kila mmoja amebeba kitu kidogo kinachong'aa, akifika mwisho wa kipande chake anakirusha kuvuka upenyo mdogo na mwenzake upande wa pili anakidaka na kukimbia. Hawasimami, hawafungui, hawaulizi. Namuuliza asiye na uso wanabeba nini. Anasema, habari. Mguu una habari kwa kichwa, kichwa kina habari kwa mkono. Namuuliza, na mkimbiaji akiona habari haimpendezi? Anageuza upande wake ule usio na uso kunielekea, anasema, sijawahi kuulizwa hilo. Namshika mkimbiaji mmoja bega, namuuliza, wewe umebeba nini? Ananijibu akikimbia papo hapo, habari ya kifua, kuna mtu amekilalia. Ni mimi huyo, naelewa, mimi niko humu na mimi niko huko nje na kichwa changu kizito juu yake. Nakimbia naye mpaka mji wa kichwa, mji wa pande mbili zinazotazamana, barabara ya huku ina nduguye kule, dirisha la huku lina nduguye kule, na upande wa kushoto ukiwaka mkono wa kulia unacheza. Anairusha habari yake ndani ya dirisha. Nangoja nje. Anatoka, namuuliza, kimesema nini? Anasema, kimesema acha alale, ni mke wangu. Yupi, namuuliza. Anasema, hakikusema yupi, na ananikimbia.

Basi namwambia asiye na uso anipeleke moyoni. Anasema, moyoni hakuna cha kutazama, ni kazi tupu. Nasema, nipeleke. Na kweli tunaingia mahali pa vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta imara katikati ili damu iliyochoka isikutane na damu safi. Damu iliyochoka inaingia kulia na kusukumwa kwenda kwenye vile vijumba vya upepo, inarudi kushoto ikiwa nyekundu, inasukumwa tena, safari hii mpaka kwenye kucha za miguu. Milango inafunguka upande mmoja tu, ikishapita damu inajifunga kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho nilichokuwa nakisikiliza nikidhani kinasema jambo. Natafuta. Napapasa kuta za chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, narudi cha kwanza. Hakuna kitanda, hakuna mkeka, hakuna msumari wa kutundikia kanga. Chumba changu ni kipi, namuuliza. Anasema, hapa hakai mtu. Nasema, hata Zaituni? Anasema, hakai mtu, damu inaingia na kutoka, ikikaa inaganda, na ikiganda ikabebwa ikaziba njia, mwenye nyumba anaanguka akiwa anafunga kiatu. Anayetaka kukaa hapa anataka kumuua. Namuuliza, basi anatupendea wapi? Anasema, hilo si la idara yangu, mimi ni wa mipaka.

Kitendawili, anasema. Tega. Anasema, nina kazi moja tangu sijazaliwa, sijawahi kuketi wala kuambiwa ahsante, siku nikiketi ndipo watu wanajaa uani wakinililia. Machozi yananilenga, kwani nani asiyemjua huyu? Ni mke mkubwa, namwambia. Sivyo, anasema, nipe mji, na jibu langu ni moyo, ulikuwa umesimama ndani yake. Sasa najifanya mjanja. Siwezi kumpa moyo, siwezi kumpa mapafu, lakini kuna miji miwili humu ambayo najua imekwisha kufa, madaktari wenyewe wamesema, na cha kufa hakina hasara. Nakupa miji ya figo, namwambia, yote miwili. Anauliza, pamoja na kiwanja? Kwetu mtu akitoa nyumba anatoa na kiwanja, hakai akapima kipande kipande, na mimi sitaki kuonekana mchoyo mbele ya jeshi lake. Nasema, chukua na kiwanja. Nyuma yangu nasikia miguu mingi ikianza kutembea.

Tunawafuata. Miji ya figo iko nyuma, kila mmoja kando ya uti wa mgongo, inatazamana, na ukiuona mmoja unadhani ni kioo cha mwingine, kichochoro kwa kichochoro, ila yote imesinyaa. Kila mji una machujio yapata milioni moja, madogo yasiyoonekana, na zamani damu yote ya Shomari ilipita hapa mara nyingi kwa siku, chujio linachuja, kizuri kinarudishwa, maji yanarudishwa kwa kipimo, taka inateremka kwa mifereji miwili mpaka kibofuni na kutoka. Sasa machujio yameziba, yamekuwa makovu, taka imelundikana mabarazani na inarudi na damu kila mahali, ndiyo inayomtia Shomari kichefuchefu na kumwasha ngozi. Katika mji mzima naona mtu mmoja tu anafanya kazi, mfagiaji, mwanamke wa makamo kama mimi, anasugua chujio moja kwa kidole. Namwamkia, anaitika bila kuacha kusugua. Pole na kazi, namwambia. Anasema, nimekwisha zoea, nangoja mgeni wetu.

Mgeni gani, namuuliza, ingawa najua. Anasema, hukusikia? Tunaletewa mwenzetu. Anajengewa kule chini, karibu na nyonga, upande wa kulia, wamekwisha kumtafutia kiwanja, damu itaunganishwa na mfereji utaunganishwa, na kazi hii yote itakuwa yake. Namuuliza, na ninyi mtatupwa? Anacheka, cheko la mtu mwenye mgongo mbovu. Tutupwe wapi? Hatuhamishwi, anasema, tunabaki hapa hapa petu, yeye atakaa pale pake. Namsogelea, namuuliza kwa sauti ya chini, nataka kujua kweli, wewe huoni wivu? Anaacha kusugua kwa mara ya kwanza. Wivu wa nini, dada yangu? Nimefanya kazi ya milioni moja peke yangu, nimechoka, hata awe mbaya wa sura, hata awe na majivuno, mimi nasema aje tu anipokee. Nilidhani mtu wa hali kama yangu atasema maneno kama yangu.

Kule chini kishindo kinazidi. Natazama, nakiona kiwanja, kidogo, kisafi, kimefagiliwa, na weupe wasio na nyuso wanakizunguka safu kwa safu na kukifunika. Mfagiaji anauliza, mbona wanakaa pale, mgeni atashukia wapi? Asiye na uso anasema, tumepewa. Mmepewa na nani, mfagiaji anauliza. Na huyu, anasema. Mfagiaji ananitazama, na yeye ana uso, na uso wake umechoka kuliko uso wowote niliowahi kuuona. Hanitukani. Anasema tu, basi mwenye nyumba amekufa, na anairudia kazi yake. Namshika asiye na uso mkono, namwambia ilikuwa mchezo, kitendawili ni mchezo, nirudishie. Anasema, sisi hatuchezi, tunajua cha humu na kisicho cha humu, na kila tulichopewa tunakilinda. Namwambia, lakini huyo mgeni anakuja kumwokoa. Anasema, wote wanaoingia husema hivyo. Nikisikia sauti yake nasikia yangu, arusini, nikisema hapa ni pangu, na wanawake wanacheka. Anamwonea mume wangu uchungu uleule nilio nao, ni mlinzi kama mimi, na atamlinda mpaka amzike. Namwangalia na simpendi.

Ndipo nakumbuka kwamba mchezo una pande mbili. Kitendawili, namwambia. Jeshi lote linasimama, maana hata wao hawawezi kukataa. Tega, wanasema. Kinywa changu kizito, habari imekaa chini ya ulimi kama sarafu yenye kutu, nasema, kuna mtu ana habari mdomoni, akiitoa mgonjwa anapona, akiimeza mgonjwa anakufa, naye ameimeza leo siku ya tatu, ni nani? Wananong'ona, mnong'ono unakwenda na damu kuzunguka mwili mzima na kurudi. Mmoja anasema, ni bubu. Nasema, sivyo, kinywa chake kizima. Mwingine anasema, ni adui wa mgonjwa. Nasema, sivyo, anampenda, anampenda vibaya. Asiye na uso, yule wangu wa mwanzo, anasogea mpaka karibu na pumzi yangu, anasema taratibu, ni mke mdogo. Nawaambia ukweli, natamani kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, lingenipa haki mbele ya jeshi zima, na Zaituni angekuwa yeye ndiye mwovu, angalau mahali pamoja duniani, lakini nikisema ndiyo wameshinda, kiwanja kinabaki chao. Sivyo, nasema. Mmeshindwa. Nipeni mji. Wanashauriana, wanasema, tunakupa wa tumbo. Nasema, na ya figo, yote miwili. Wanasema, na ya figo. Nasema, pamoja na kiwanja. Pamoja na kiwanja, wanasema, sasa toa jibu, ukipewa mji hutoki bila kutoa jibu.

Ni kweli, ndiyo sheria, hata watoto wanaijua. Mfagiaji ameacha kusugua, ananisubiri. Nasema, ni mimi. Hawasikii, nasema kwa nguvu, ni mimi, Nyamizi, mke wa Shomari, wamempata wa kumpa figo, ni Zaituni, wanamtaka Jumatano asubuhi, na mimi nimeificha kwa sababu sikutaka awe yeye. Huko juu nasikia mji wa tumbo unaanza kujikamua. Weupe wanaondoka kiwanjani mmoja mmoja, kwa shingo upande, wakinung'unika kwamba mgeni akija watamtazama kwa jicho baya siku zote na atahitaji dawa ya kuwatuliza maisha yake yote. Nasema, atapewa hiyo dawa, nitaisimamia mimi mwenyewe saa kwa saa. Barabara zinajikunja, mbavu zinafunguka, upepo unanisukuma nyuma, mbele, nyuma, na shavu langu lina joto.

Nafumbua macho. Niko kitandani kwa Zaituni, sikio kifuani kwa Shomari, mate yangu yamemlowesha. Anakoroma. Mlangoni amesimama mtu, jua liko nyuma yake, kikapu mkononi, na uso wake siuoni, ni giza tupu chini ya mtandio. Dada, anasema, leo zamu yangu. Ni sauti ya Zaituni. Hapandishi sauti, lakini nasikia mkwaruzo ndani yake, na nashangaa, kumbe na yeye huona wivu. Nakaa. Nataka kumwambia ameshasikia, nimeshasema kwa nguvu mbele ya jeshi, kisha namtazama pale mlangoni anavyongoja niondoke kitandani kwake, naona hajasikia lolote. Namwambia, Zaituni, keti. Anasema, nikae wapi, kitanda umekalia. Nasogea. Anakaa pembeni na kikapu chake mapajani.

Namwambia. Simu, Jumamosi, damu yangu imekataa, yako imekubali, Jumatano asubuhi, basi la kesho alfajiri. Nyanya moja inaporomoka kutoka kikapuni na hakuna anayeiokota. Jumamosi, anasema. Nasema, Jumamosi. Leo Jumatatu, Dada. Nasema, najua. Nangoja anitukane, nimejiandaa, nitayapokea yote. Anasema, mimi nilikuwa naomba iwe wewe. Kila sala, Dada. Naogopa kisu, tangu nilipopasuliwa kwa mtoto yule ambaye hakuishi naogopa kisu, na nilikuwa nikikuona unavyojigamba nasema alhamdulillahi, mwenye moyo amepatikana. Sijui la kufanya na wivu wangu wote huu, miaka saba ya wivu, niliouelekeza kwa mtu aliyekuwa anaomba niwe mimi. Namwambia, nitakwenda na wewe, nitakushika mkono mpaka mlangoni watakaponikataza. Anauliza, utanishika kweli? Nasema, kweli.

Lakini ukuta nyuma yake unapanda na kushuka. Unapanda, unashuka, polepole, kama unavuta pumzi, na huenda ni pazia tu na upepo wa mchana, na huenda ni mimi ndiye ninayepumua kwa nguvu. Natazama uso wa Zaituni nipate hakika, lakini amejifunika mtandio analia, siuoni. Shomari amegeuka usingizini, amesema jambo, anasema mke wangu, na hasemi yupi. Sijui nimetoka au bado nimo. Basi namwambia tena, Zaituni, ni Jumatano, basi ni la kesho alfajiri, damu yako ndiyo iliyokubali. Anasema, nimesikia, Dada, umeshasema. Nasema, najua, niache niseme. Nitakwenda kumwambia na Shomari akiamka, na majirani, na wale wanawake wa arusini, na nikija kufumbua macho tena mahali pengine, kitanda kingine, mchana mwingine, nitaanza upya na kusema na huko.